Tusiache historia ya vita iliwe na kutu

WANAFUNZI wengi wa shule zetu huweza kusimulia habari za simba wa Tsavo bila kusita. Wanajua kwamba ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka wa 1896 na kwamba reli hiyo ilifika ukingoni mwa Ziwa Victoria mwaka wa 1901. Lakini waulize reli hiyo hiyo ilihusikaje na Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, nao watatazamana. Kimya hicho hakitokani na uhaba wa ushahidi. Ushahidi upo, tena ni wa chuma, na umesimama katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi ukiwa umepigwa nambari 5505.

Kichwa hicho cha garimoshi ni cha aina iitwayo Garratt. Kundi lake lilitengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock huko Gorton, Manchester, vita vilipokuwa vikikaribia kwisha, kwa agizo la Idara ya Vita ya Uingereza. Injini za kundi hilo zilikuwa 20, na nyingi zilikusudiwa India na Burma. Mbili zilianza kazi katika reli ya Kenya na Uganda mwaka wa 1945. Mwaka uliofuata, reli ya Tanganyika ilipata nne kutoka Burma, na mwaka wa 1952 nyingine tano zikaja kutoka huko huko. Hivyo basi, zaidi ya nusu ya kundi lililoundwa kwa ajili ya vita vya Asia lilimalizia kazi yake Afrika Mashariki.

Kwa nini ikawa hivyo? Jibu la kwanza ni upana wa reli. Njia za Burma na zetu zilikuwa za meta moja, kwa hiyo injini iliyotoka kule iliweza kutembea hapa. Jibu la pili ni umbo lenyewe. Katika Garratt, tangi la kuchemshia maji huning'inia kati ya mafungu mawili ya magurudumu, na uzito wa mtambo mzima hugawanywa juu ya magurudumu 28. Mtambo wa namna hiyo huweza kuvuta mzigo mzito juu ya reli nyepesi na kupinda kwenye kona kali. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tena Burma si jina geni kwetu. Mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana ikishuka bonde la Kabaw hadi kwenye mto Chindwin, katika mvua na matope. Wako wazee waliorudi kutoka huko na medali, na wako vijana wasiorudi kabisa. Damu yetu ilipelekwa Burma na chuma cha Burma kikaletwa kwetu. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi vita vya wakubwa wa mbali vilivyoingia katika maisha ya watu wa hapa ana funzo hilo mbele yake, linaweza kuguswa kwa mkono.

Yafaa pia tutazame yaliyozipata injini nyingine za vita hivyo. Marekani peke yake ilitengeneza zaidi ya 2,000 za aina ya S160 kati ya mwaka wa 1942 na 1946. Mamia ya injini hizo zilishushwa Uingereza kungojea siku ya kuvuka bahari kuingia Ufaransa. Baada ya vita zilitawanyika kama mbegu za msufi: Italia, Ugiriki, Poland, Hungaria, Urusi, India, China. Nyingine za vita hivyo hazikufika zilikotumwa. Mwezi Oktoba 1941 meli ya Thistlegorm, iliyokuwa imezunguka Afrika nzima kwa kupitia Rasi ya Tumaini Jema, ilizamishwa na ndege za Wajerumani katika Bahari ya Shamu. Injini mbili ilizozipakia sitahani zingali chini ya maji hadi leo.

Kwa mtu wa taaluma ya lugha, msambao huo wafanana sana na safari ya maneno ya mkopo. Neno likiingia katika lugha ngeni huvishwa viambishi vya wenyeji na kupewa sauti mpya. Injini hizo nazo zilibatizwa upya kila zilipofika. S160 ikaitwa Tr201 na Tr203 kule Poland, na KD6 kule China. Wahungaria, walionunua zaidi ya 500 mwaka wa 1947, waliipa jina la Truman. Waturuki nao waliziita injini walizopata kwa Waingereza Churchill. Na kama ilivyo kwa maneno, iliyodumu ni ile iliyotumiwa. Waingereza walipotaka kuwa tena na S160 ya kuhifadhi, ilibidi waitafute Poland, na mwaka wa 1977 wakaipata moja. Nyingine ilirudi kutoka China. Zilikuwa zimesalimika kwa sababu mafundi wa huko waliendelea kuzitia moto na kuzitengeneza.

Hata hivyo, matumizi yana mwisho wake. Kazi ikikoma, kitu huokolewa na uamuzi wa watu tu. Sisi tuna bahati kwamba uamuzi huo ulifanywa mapema: makumbusho ya Nairobi yalifunguliwa mwaka wa 1971, siku za ushirikiano wa Afrika Mashariki. Jumuiya ile ilivunjika mwaka wa 1977. Kiwanda cha Gorton kilikuwa kimefungwa tangu 1966. Lakini 5505 ingalipo.

Wako watakaouliza nchi yenye upungufu wa madawati ina haja gani na chuma kikuukuu. Swali hilo si la kubezwa. Twajua jinsi chuma chakavu kinavyotamaniwa. Mwezi Januari 2022 serikali ililazimika kupiga marufuku biashara yake kwa miezi kadhaa kutokana na uharibifu wa mali ya umma. Lakini bei ya chuma chakavu hulipwa mara moja na kuisha. Funzo hulipa kila mwaka, kwa kila darasa linalopita.

Hatari iliyo karibu zaidi, kwa maoni yangu, ni ya kimya. Injini haisemi. Waliojua kuisemea ni madereva, wachochea moto na mafundi waliofanya kazi wakati wa mvuke, ambao ulikoma katika reli yetu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka wa 1975 leo amepita miaka 70. Huyo ana msamiati wa kazi ambao haumo katika kamusi yoyote, tena ni Kiswahili kilichotungwa na Mluo, Mkamba, Mtaita na Mhindi wakiwa mbele ya tanuri moja. Akizikwa, unazikwa naye.

Kwa hiyo walimu wa historia na wa Kiswahili washirikiane. Wawatume wanafunzi kwa wastaafu wa reli walioko Voi, Makindu, Nakuru, Kisumu na Makongeni, wakiwa na daftari na kinasa sauti. Waulize kila sehemu ya injini iliitwaje, amri zilitolewaje, ajali zilisimuliwaje. Vyuo vikuu navyo viyapokee maandishi hayo na kuyahifadhi pamoja na picha za injini zenyewe. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji haraka, maana kutu ya chuma hupigwa rangi ikaondoka, lakini mzee aliyekwisha kufa haulizwi tena.