Nani Aliyelipa Gharama?



Juma lililopita tulikuwa Pwani ya Kenya pamoja na baadhi ya waamini wetu. Kwa siku saba tulizuru Ngome ya Yesu mjini Mombasa, magofu ya Gede, kikanisa cha Wareno kule Malindi, na mwishowe Hifadhi ya Bahari ya Watamu. Furaha ilikuwa kubwa na picha ni nyingi. Hata hivyo, twaona ya kuwa ziara ya namna hii haijatimia mpaka msafiri ajiulize: hiki ninachokitazama, ni nani aliyekilipia gharama?

Tuanze na Ngome. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa mchoro wa Mwitalia Giovanni Battista Cairati, ili kuilinda njia yao ya biashara kuelekea India. Nao wakaipa jina la Yesu. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na kubatizwa huko Goa, aliwaasi. Wakristo wengi, Wareno kwa Waafrika, wakauawa. Hao ndio tuwaitao Mashahidi wa Mombasa. Tangu mwaka 1895 hadi 1958 serikali ya kikoloni iliigeuza Ngome hiyo kuwa gereza.

Basi, ndani ya kuta hizo walilipa wenye imani, na walilipa pia wafungwa. Sisi twasema wazi: jina takatifu haliitakasi mizinga. Kuwaheshimu mashahidi hakutulazimishi kuutetea utawala uliokuja na bunduki. Mkristo asiyeweza kuyasema yote mawili kwa pamoja bado hajaisoma historia yake vizuri.

Gede nako kuna somo. Huo ulikuwa mji wa Waswahili, wenye misikiti, jumba la kifalme na visima virefu. Ukahamwa katika karne ya 17. Vyombo vya kutoka China vilivyofukuliwa humo vyaonyesha upana wa biashara yao. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini walioyachonga mawe yale ya matumbawe majina yao hayamo katika orodha yoyote. Tunapoingia katika msikiti ule uliobomoka, yafaa tupunguze sauti: hapo ndugu zetu Waislamu walimsujudia Mungu.

Matumbawe yaliyo hai tuliyaona Watamu, kupitia kioo kilichowekwa chini ya mashua. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1968, sambamba na ile ya Malindi, na ndani ya mipaka yake uvuvi umekatazwa. Samaki ni wengi, wa kila rangi. Tunaliunga mkono katazo hilo, kwani matumbawe ni mazalia ya samaki na ni kazi ya mikono ya Muumba. Ila tusisahau kwamba mgeni hulipa tiketi ya siku moja, ilhali mvuvi ameyatoa maji ambamo babu yake alitega madema. Si haki mmoja abaki na picha nzuri na mwingine abaki na chungu kitupu.

Kwa hiyo, wapendwa, mnapopanga safari zenu za likizo au za jumuiya, twawasihi haya. Mchukueni kiongozi mwenyeji wa mahali hapo, nanyi mmlipe pasipo kumpunja. Kuleni chakula cha mama wa kijijini. Msikanyage matumbawe, wala msinunue makombe yaliyotolewa baharini ili kupamba sebule. Aidha, wafundisheni watoto kuuliza habari za wajenzi, wafungwa na wavuvi, si za wafalme peke yao.

Kutazama ni haki ya kila aliyelipa kiingilio. Kushukuru ni wajibu wa yule aliyetambua kwamba wengine walikwisha kumlipia kabla hajafika.

Mungu awabariki nyote.