Taimingi ya Pikapu Ipimwe kwa Taa, Si kwa Sikio

Leo naweka kando mbolea na viuatilifu, nafungua boneti, kwa sababu mazao yaliyoozea njiani ni hasara sawa na yaliyoliwa na wadudu.

Nazungumzia pikapu za zamani za petroli, zenye kabureta na distribyuta. Dizeli haihusiki hapa, maana haina plagi za cheche. Kwenye pikapu hizi fundi hulegeza distribyuta, akaizungusha huku akisikiliza, na injini ikinguruma vizuri anakaza. Wengi tunalipa na kuondoka. Mimi nasema tusikubali.

Plagi inatakiwa kutoa cheche kidogo kabla pistoni haijafika juu kabisa, ili moto uwe umeshika inapoanza kushuka. Ukiwahisha cheche, sailensa hupanda na injini husikika nyepesi. Kwa hiyo sikio linaweza kupenda taimingi iliyozidi. Tena pale gereji gari halina mzigo. Pakia vitunguu Ruaha Mbuyuni, upande Kitonga kwenda Iringa, ndipo utasikia injini inagonga kama misumari inayotikiswa kwenye kopo. Ikiendelea hivyo, gasketi ya silinda hedi huungua au pistoni hutoboka. Cheche ikichelewa nayo, gari hukosa nguvu, hula mafuta na huchemka.

Kuna watakaosema fundi wao ana uzoefu wa miaka mingi. Namheshimu. Lakini injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua sehemu ya 50 ya sekunde. Sikio litakuambia kuna ugonjwa, halitakupimia digrii 5. Dawa ya kunyunyizia hatuipimi kwa macho, kwa nini injini tuikadirie?

Kazi yenyewe ifanyike hivi, nawe ukiwa umesimama pale:

1. Platini zikaguliwe na nafasi yake irekebishwe kwanza, kwani ikibadilika, taimingi nayo hubadilika.
2. Injini ipate moto wa kawaida. Gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe, sailensa iwe kwenye kiwango chake.
3. Injini ikiwa imezimwa, alama ya kwenye puli ya krenki isafishwe na kupakwa chaki.
4. Soma kibandiko cha chini ya boneti au kitabu cha gari kupata digrii zake. Kikiagiza hivyo, mpira wa hewa unaoingia kwenye distribyuta uchomolewe na kuzibwa.
5. Taa ya taimingi ifungwe kwenye waya wa plagi ya silinda nambari 1, iwashwe na kuelekezwa kwenye alama.
6. Distribyuta izungushwe taratibu hadi alama ikae kwenye digrii zake, ikazwe, kisha ipimwe tena, maana wakati wa kukaza huweza kusogea.

Tahadhari: mwanga wa taa hiyo hufanya puli ionekane imesimama, na feni pia huweza kukudanganya hivyo. Usipeleke mkono, wala usivae nguo inayoning'inia.

Fundi akiwa hana taa, wakulima wa kikundi kimoja mnaweza kuchanga mkanunua moja ya kutumia wote. Kabla ya msimu wa kuvuna, mwambie fundi wako: "Nionyeshe alama." Akikuonyesha, mlipe kwa moyo mweupe.