Kiinua mgongo chako na macho ya wanao



Mtumishi wa umma akikaribia miaka 60 huanza kupata wageni. Mpwa ambaye hajapiga simu tangu msiba wa mwaka juzi anaulizia afya. Kijana wako wa kwanza amepata wazo la kununua basi dogo la kubeba abiria kati ya Msamvu na Kihonda. Dalali anapita jioni na habari za viwanja. Wote wanaijua tarehe yako ya kustaafu, na wengine wameshaigawa hela kabla haijatoka.

Katika kuwapelekea wazee Komunyo nyumbani nimekutana na watu waliofundisha nusu ya mji huu, ambao leo wanasubiri mtoto arushe shilingi elfu kumi kwenye simu ndipo wanunue dawa ya presha. Fedha walikuwa nazo. Ziliondoka ndani ya mwaka mmoja, na ziliondoka kwa upendo. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu mzee aliyeibiwa huhurumiwa, lakini aliyegawa huambiwa alijitakia.

Tupige hesabu kidogo. Chukua mwalimu aliyetumikia miaka 35, yaani miezi 420, mwenye mshahara wa wastani wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Mshahara wake wa mwaka unazidishwa kwa miezi hiyo, kisha unagawanywa kwa 580. Inapatikana pensheni ya mwaka ya takribani shilingi milioni 8.7. Hiyo inazidishwa kwa 12.5, na katika jibu lake anapewa asilimia 40 kwa mkupuo, kiwango kilichopanda mwaka 2024 kutoka asilimia 33 ya mwaka 2022. Mwalimu wetu anaondoka na kama milioni 43, na kila mwezi atapokea takribani shilingi 434,000. Wafanyakazi wamekilalamikia kikokotoo kwa miaka mingi, na mwisho wa mwaka 2018 kilio chao kilifika Ikulu hadi kanuni ya asilimia 25 ikasitishwa. Ninawaelewa. Lakini leo nataka uitazame namba ya pili, hiyo 434,000. Ni chini ya nusu ya mshahara. Milioni 43 zikiishia kwenye basi dogo lililokufa injini, hiyo ndiyo itakayobaki kulipa umeme, maji, dawa na sadaka.

Sisi Wakatoliki tuna kitabu ambacho hatukisomi vya kutosha, Yoshua bin Sira. Katika sura ya 33 mzee huyo anasema jambo ambalo wengi wangeona haya kulisema mbele ya watoto: usimkabidhi mwana, mke, ndugu wala rafiki mamlaka juu yako ungali hai, usitoe mali yako kisha ukaja kuiomba, ni afadhali watoto wakutazame wewe kuliko wewe kutazama mikono yao. Wakati wa kugawa urithi anauweka siku za mwisho wa maisha. Wako watakaosema huo ni uchoyo. Mimi naona anailinda amri ya nne. Mzazi aliyebaki mikono mitupu humtwisha mwanawe mtihani ambao huenda asiufaulu, hasa kama kijana huyo naye ana watoto watatu na chumba cha kupanga Mji Mpya.

Na hapa niwaseme wa nyumbani mwangu. Katika Injili ya Marko sura ya 7, Yesu anawakemea watu waliowanyima wazazi wao msaada kwa kisingizio kwamba mali hiyo wameiweka wakfu kwa Mungu. Kamati ya ujenzi ya parokia inapomwandikia barua mstaafu mwezi uleule alioingiziwa mafao, isome kwanza sura hiyo. Atoe kama wengine wanavyotoa, kwa kadiri ya pensheni yake ya mwezi. Tena tusisahau kilio cha DECI mwaka 2009, pale watu walipoambiwa wapande fedha wavune maradufu, kwa lugha iliyofanana mno na ya mahubiri. Anayekuahidi mavuno ya namna hiyo leo, hata akianza kwa sala, mwulize faida inatoka kwenye kazi gani.

Wewe mama unayeuza nyanya Soko Kuu la Chifu Kingalu, au kijana wa bodaboda, huenda unasema haya si yako kwa kuwa huna mwajiri. Mji wetu una kumbukumbu nyingine. Kiwanda cha viatu na vingine vya hapa vilipofungwa, wafanyakazi wa makamo walirudi nyumbani kabla ya umri wa pensheni, na waliosimama tena wengi walikuwa na kitu pembeni: shamba, cherehani, ng'ombe. NSSF inapokea michango ya hiari ya waliojiajiri. Kikundi cha kuweka na kukopa nacho kinafaa, mradi vitabu vyake visomwe mbele ya wanachama wote. Mikopo ya kausha damu, ambayo mtu anaacha kadi yake ya benki kwa mkopeshaji, iogope kama moto. Anayestaafu akiwa nayo kadi yake hupokelewa pensheni na mtu mwingine.

Kama una miaka 45, wewe na mwenzi wako jaribuni miezi mitatu kuishi kwa nusu ya kipato, na nusu nyingine ielekezwe kwenye deni au akiba. Mtajua upesi kipi ni lazima na kipi ni cha kuonekana kwenye sendoff za watu. Na mjuane mishahara! Inashangaza ni ndoa ngapi zenye miaka 20 ambamo mmoja hajui mwenzake anapokea kiasi gani.

Neno la mwisho ni kwa wanaopanga kurudi mlimani, Matombo, Mgeta au Kinole. Kwa desturi ya Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Mwanaume anayejenga nyumba ya uzeeni kwenye shamba la ukoo wa baba yake amejenga juu ya ardhi ambayo ukoo unaweza kuidai siku ya arobaini yake, mjane na watoto wakiwa bado na nguo za msiba. Kabla ya tofali la kwanza, kaa na wajomba na wazee wa koo zote mbili, makubaliano yaandikwe mbele ya mashahidi na serikali ya kijiji, na nakala moja aishike mkeo.