Shuleni au Vinginevyo

Katika mwaka 1944 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Elimu iliyomwajibisha kila mzazi kumpatia mwanawe elimu imfaayo, ama kwa kumpeleka shule ama vinginevyo. Neno hilo la mwisho ni dogo, lakini limewakinga wazazi wengi.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya, ya mwaka 2013, ilimwamuru mzazi ahakikishe kuwa mtoto anahudhuria shule. Akikosa, aweza kutozwa faini au kufungwa. Neno "vinginevyo" halikutiwa. Kwa hiyo mzazi amsomeshaye mwanawe kwa jasho lake, na yule amwachaye achunge mbuzi, husimama kizimba kimoja. Sheria isiyopambanua mlezi na mtelekezaji ina makengeza.

Sisemi haya kwa kusimuliwa. Binti yangu alikaa miaka miwili nyuma ya darasa lililofurika, baina ya kelele, mizaha na mwalimu mmoja aliyechoka. Hakuwa mjinga, hakupata nafasi ya kusikia fikira zake mwenyewe. Jioni, juu ya mkeka, saa moja ya utulivu ilimpa alichokikosa mchana kutwa. Basi nauliza: ikiwa saa hiyo moja ni halali, siku nzima imekuwaje haramu?

Wapinzani wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba shule humfunza mtoto kuishi na watu. Lakini kuishi na watu si kubanwa na rika moja katika chumba kimoja. Mtoto huishi pia na bibi yake, na jirani, na muuza samaki. Mwaka 1858 Mwana Kupona, hali mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa mafunzo. Twaweza kubishana naye juu ya wajibu wa mke. Hatuwezi kukana kwamba somo lililotolewa nyumbani, pasipo kengele wala daftari la mahudhurio, leo lasomwa katika vyuo vikuu.

Hoja ya pili ni nzito: nyumba ikiruhusiwa kuwa shule, mzazi mbaya atamficha binti yake jikoni. Hofu hii naiheshimu. Lakini dawa yake ni ukaguzi, si marufuku. Mzazi na ajiandikishe, mtoto na atahiniwe kila mwaka, mkaguzi na abishe hodi. Mtoto akionekana hafundishwi, na arudishwe shule.

Serikali yenyewe imekwisha kutoa ushahidi. Machi 2020, maradhi ya korona yalipoingia, shule zote zilifungwa, na wanafunzi wengi hawakurudi mpaka Januari 2021. Masomo yakapelekwa nyumbani kwa redio na televisheni, na mzazi akawa ndiye msimamizi. Wengi hawakumudu kazi hiyo, nami sidai kwamba kila nyumba yafaa kuwa shule. Nadai kwamba jambo lililoombwa kwa hisani siku za dhiki lisihesabiwe jinai siku za raha.

Shule ni chombo cha elimu. Elimu si milki ya shule. Wabunge wetu hawana haja ya kubomoa darasa hata moja. Waongeze neno moja tu katika sheria, kisha wamtume mkaguzi.