Mfalme Mwenye Kiburi wa Danieli: Tutazame Sifa, Tusikimbilie Majina



Katika mihadhara ya mlingano wa dini husomwa sura ya nane ya kitabu cha Danieli, yenye habari za mfalme mwenye uso mkali atakayejitukuza, kisha avunjwe pasina mkono wa mwanadamu. Kila zama watu wamemtafutia jina. Mwaka 1991, wakati wa vita vya Ghuba, wapo wahubiri wa Marekani waliomtaja Saddam Hussein katika utabiri wa Biblia. Alinyongwa tarehe 30 Desemba 2006, na ulimwengu ungalipo.

Kitabu chenyewe kimejifasiri. Humo Jibrili anamweleza Danieli kuwa kondoo dume ni wafalme wa Wamedi na Waajemi, na beberu ni ufalme wa Wayunani. Iskandar wa Makedonia alikufa mwaka 323 kabla ya Miladi, dola yake ikagawanyika. Wataalamu wengi wanaona mfalme yule ni Antiokio wa Nne, aliyelinajisi hekalu la Baitul-Maqdis mwaka 167 kabla ya Miladi. Tusimchanganye na pembe ndogo ya sura ya saba, ambayo Abdul-Ahad Dawud aliifasiri kuwa ni Konstantino.

Mkoa wetu una somo lake. Mwaka 1908, mara baada ya Maji Maji, ulienea Lindi Waraka wa Makka uliotangaza kuwa Kiama kimekaribia. Wajerumani waliingiwa na hofu. Kiama hakikuja, na dola yao iliondolewa na vita vilivyokwisha mwaka 1918.

Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa habari za Ahlul-Kitabi tusizisadikishe wala tusizikadhibishe pasina dalili. Na Qur'ani imetuonesha njia: Firauni ametajwa mara nyingi, lakini jina lake la kuzaliwa halimo. Zilizomo ni sifa zake: alijidai mola, akawagawa watu makundi, akawadhulumu wanyonge. Mwenye sifa hizo ni wa kundi lake, awe mkuu wa dola, awe karani wa mizani anayempunja mkulima wa ufuta, au msimamizi wa msikiti asiyetaka kuulizwa mapato.

Mhadhiri akimtaja mtawala wa leo kuwa ndiye, na kesho mtawala huyo akafia kitandani kwake, wasikilizaji watatilia shaka hata haki aliyoisema. Tuseme tunalolijua, na dhulma tuikemee popote ilipo.

Wabillahi tawfiiq.