Jogoo Aliyeuzwa Mara Sita



Leo sitawabembeleza. Jumapili iliyopita jogoo mmoja aliuzwa mara sita kanisani kwetu. Mtu ananunua, anamrudisha, anauzwa tena. Vigelegele, kinanda juu, nami mchungaji wenu nikipiga makofi kama wengine. Mhazini akaandika shilingi 41,000 kwa mnada mzima. Leo asubuhi tumeangalia M-Pesa ya kanisa: zimeingia 9,300. Zingine ni ahadi. Na dada yetu ambaye tulikuwa tunamchangia bado yuko wodini. Daktari alishamruhusu aende nyumbani. Ni bili inayomshikilia. Nenda ukamwambie yeye kwamba mnada ulifana.

Mpendwa, nani alitufundisha kuuza hivi? Tunamjua. Ni harambee ya wanasiasa. Mgeni wa heshima anaketi mbele, dalali anamwangalia yeye peke yake, trei ya mayai inaanzia elfu moja, na mama anayeuza sukuma pale Gatina anatia mkono mfukoni na kuuacha humo humo. Alikuwa na mia mbili. Mia mbili ya kweli, iko mkononi. Tukamfanya mtazamaji, halafu tukaandika elfu tano za hewa. Yakobo 2 inamzungumzia mwenye pete ya dhahabu anayepewa kiti kizuri huku maskini akiambiwa asimame. Tumeihubiri hiyo sura mara ngapi?

Kuna ndugu ameniandikia kwamba mnada wote ni dhambi, kwa sababu Yesu alipindua meza hekaluni. Ndugu, soma Mathayo 21:12 polepole. Viti vilivyopinduliwa vilikuwa vya waliouza njiwa. Njiwa walikuwa sadaka ya nani? Walawi 12:8 inajibu: ya yule asiyeweza kupata mwana-kondoo. Yusufu na Mariamu walikuwa katika kundi hilo, Luka 2:24. Soko lile lilikalia shingo ya maskini, tena kwa jina la ibada. Hilo ndilo linalonitisha kwetu. Jogoo hana kosa.

Wengine mnasema, "Pasta, tafuta mheshimiwa mmoja tu, tumalize." Nakataa. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki harambee tena. Novemba mwaka huo huo Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Kanisa Katoliki, Nairobi, akalazimika kuagiza pesa za wanasiasa zilizotolewa katika parokia ya Soweto, kule Kayole, zirudishwe, zikiwemo shilingi milioni 2.6 za Rais mwenyewe. Mimi si Mkatoliki, lakini siku hiyo nilisema ameni kwa sauti. Mkubwa akikulipia bili leo, kesho atataka maikrofoni.

Mtatoa nini basi? Mnajua kuuza kuliko mimi! Nusu yenu mnaamkia Toi. Muuzaji wa Toi haanzi na bei ya kufukuza watu. Anaanza chini ili mikono iwe mingi, na mikono ikishakuwa mingi bei inajipandisha. Na hajawahi kumwachia mtu koti kwa ahadi. Mbona mkiingia kanisani mnaiacha akili hiyo mlangoni?

Na tarehe, jamani. Tuliweka mnada tarehe 6, kila mtu akiwa ametoka kulipa kodi ya nyumba. Hilo kosa ni langu.

Jambo la mwisho ni hesabu. Katika 2 Wakorintho 8 Paulo hakubeba mchango peke yake. Aliandamana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, asije mtu akamlaumu. Kama mtume alihitaji mashahidi, pasta wa Kawangware ni nani?

Kwa hiyo Jumapili hii tunarudia, baada ya ibada ya pili. Kila kitu kitaanzia shilingi 50 na kupanda kwa ishirini ishirini. Ushirika wa nyumbani unaweza kununua pamoja: watu kumi wa Laini Saba wenye mia mia wanampita tajiri mmoja mwenye ahadi. Kitu kinauzwa mara moja. Unalipa, simu inalia, ndipo unachukua. Asiye na kitu cha kuleta alete kazi: fundi bomba auze asubuhi yake moja, msusi auze kichwa kimoja. Pesa zitaenda moja kwa moja kwa akaunti ya hospitali, mbele ya mama wawili kutoka Kibera na wawili kutoka Kawangware, na risiti nitaiweka hapa hapa jioni hiyo, ionekane hata ikiwa ni ndogo.

Na wewe uliyemnunua jogoo mara ya sita: paybill ni ile ile. Jogoo yuko kwangu. Anawika saa tisa usiku.