UCHAMBUZI: Kalamu inapolipwa na anayechunguzwa, mkulima wa Hanang ataamini nini?

Mkulima wa vitunguu saumu wilayani Mbulu, au wa ngano huko Basotu wilayani Hanang, anaposoma gazetini kwamba mbegu fulani ni bora, hana njia rahisi ya kujua iwapo sifa hizo zimetoka shambani au katika idara ya matangazo. Akipotoshwa, hasara ni ya msimu mzima.

Suala hilo si geni mkoani Manyara. Kuanzia miaka ya 1970, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Canada, lilianzisha mashamba 7 ya ngano, ekari zipatazo 100,000, katika malisho ya Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walifungua kesi mwaka 1981. Mahakama Kuu iliwapa ushindi, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliamua kuwa hawakuthibitisha haki yao juu ya ardhi hiyo.

Wakati huo magazeti makubwa ya kila siku yalikuwa Uhuru, la chama tawala, na Daily News, la Serikali. Kuyataka yaupime mradi wa Serikali hiyo hiyo kulikuwa sawa na kesi ya nyani kumpelekea ngedere.

Magazeti binafsi yaliyochipuka miaka ya 1990 yalipunguza tatizo hilo, lakini yakaleta bwana mwingine: mtangazaji. Hata Marekani hali ni hiyo. Mwaka 2007, mtandao wa GameSpot ulimfukuza mhariri Jeff Gerstmann baada ya kuupa mchezo wa kompyuta wa Kane & Lynch alama 6 kati ya 10, huku mtengenezaji wake akiwa amelipia matangazo katika mtandao huo huo. Mwaka 2012 Gerstmann alieleza kuwa uongozi uliogopa kupoteza fedha za matangazo.

Nchini, wadau wa habari walitia saini Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa uhariri mwaka 2011. Mwaka 2023, Bunge liliondoa kifungu cha Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 kilichompa Mkurugenzi wa Idara ya Habari jukumu la kuratibu matangazo ya Serikali.

Hatua hizo ni njema, lakini hazimlindi mhariri dhidi ya simu ya mteja mkubwa. Kinga iliyobaki imo ndani ya chumba cha habari: tangazo liitwe tangazo, na anayeuza nafasi asiguse habari. Bila hivyo, anayelipa gharama ni yule wa Basotu.